Umesomea akiolojia? Kazi ipo, ila haiitwi kwa jina hilo

Ukirudi nyumbani likizo na kusema unasomea akiolojia, kuna maswali mawili hutakosa kuulizwa. La kwanza ni la mjomba: "Hiyo ni ile ya kuchimba visima?" La pili ni la mamako, na analiuliza polepole asikuumize: "Sasa mwanangu, ukimaliza utaandikwa wapi?"

La mjomba unaweza kulicheka. La mama haliondoki, kwa sababu wewe pia unajiuliza usiku. Unalijua jibu moja tu: Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK). Na shida ni kwamba darasa lenu zima linalijua jibu hilo hilo, na waliohitimu mwaka jana, na wa mwaka juzi, bado wako kwenye foleni.

Julai 2024, mji wa kale wa Gede kule Kilifi uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Ukiuongeza juu ya Lamu, kaya za Wamijikenda, Fort Jesus, Thimlich Ohinga, Mlima Kenya, mbuga za Ziwa Turkana na maziwa ya Bonde la Ufa, nchi yetu sasa ina maeneo manane kwenye orodha hiyo. Viongozi walipongeza, picha zikapigwa. Lakini eneo likishaingia kwenye orodha, lazima mtu alipime, alichore, alikague kila mwaka, aandike ripoti na azungumze na majirani wanaotaka kulima au kujenga karibu. Ni nani huyo? Mbona asiwe wewe?

Hoja yangu ni hii. Kazi ya akiolojia Kenya ipo, ila mara nyingi imefichwa ndani ya kazi zenye majina mengine. Anayeipata ni yule aliye na kitu anachoweza kufanya kwa mkono wake au kwa kompyuta yake, juu ya digrii. Na kuna sehemu ya lawama ambayo si yako hata kidogo. Hiyo nayo tutaisema.

Mfuate Mtoto kutoka Kilifi hadi Uhispania

Hebu tuanze na mfano mmoja. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walianza kuchimba mwaka 2010. Mnamo 2013 wakaona vipande vya kwanza vya mifupa, na 2017 shimo lote likafunuliwa, karibu mita tatu chini ya sakafu ya pango. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Wakamwita Mtoto. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Mei 2021, na dunia ikaambiwa kwamba hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika.

Sasa angalia ni kazi ngapi ziko ndani ya habari hiyo moja. Kuna waliochimba kwa brashi na vijiti. Kuna aliyechora na kupima kila tabaka la udongo. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba ingeguswa ingegeuka vumbi, kwa hivyo kuna aliyejua kuizungushia plasta ili bonge zima lisafirishwe. Kuna aliyepima umri wa udongo, aliyetambua mifupa ya wanyama, aliyeandika vibali, aliyezungumza na wenyeji, aliyeendesha gari na aliyeandika ripoti.

Bonge hilo lilipelekwa kwanza Makavazi ya Nairobi, kisha likapanda ndege hadi kituo cha utafiti cha CENIEH katika mji wa Burgos, Uhispania. Ni huko mifupa ilipofunuliwa polepole na kupigwa picha za ndani kwa mashine maalum. Mtafiti wa NMK, Dkt Emmanuel Ndiema, alikuwa mmoja wa waandishi wa utafiti huo, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, jiulize: mbona Mtoto wa Kilifi alilazimika kwenda Ulaya ndipo tumjue? Ni kwa sababu mashine na mikono ya kazi hiyo iko huko. Ukiwa unatafuta pengo katika soko, pengo lenyewe ndilo hilo. Wachimbaji tunao. Wanaojua kuhifadhi mfupa unaomeguka, kuusoma na kuupiga picha za pande tatu ni wachache.

Sheria inakutafuta, ila haikujui

Kazi nyingine imejificha ndani ya barabara, mabwawa na nguzo za umeme. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla haijaanza. Tathmini haihusu miti na mito peke yake. Makaburi, maeneo matakatifu na mabaki ya kale yamo pia. Halafu kuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, inayozuia mtu kuchimba mabaki ya kale bila leseni na kumtaka anayeyagundua atoe taarifa.

Wakopeshaji nao wana masharti yao. Tangu Oktoba 2018, Benki ya Dunia hutumia viwango kumi vya kimazingira na kijamii kwa miradi inayofadhili, na cha nane kinahusu turathi za kitamaduni. Mwanakandarasi anatakiwa awe na utaratibu wa kufuata iwapo tingatinga litafukua mifupa au vigae: simamisha kazi, zungushia uzio, ita mtaalamu. Huyo mtaalamu anayeitwa ni mtu aliyesoma ulichosoma wewe.

Shida ni kwamba hawatatangaza "tunatafuta mwanaakiolojia". Ripoti za tathmini huandikwa na wataalamu waliosajiliwa na kupewa leseni na NEMA, na kampuni nyingi za ushauri huongozwa na wanamazingira na wahandisi. Wewe unaingia kupitia mlango wa nyuma. Fanya kozi fupi ya tathmini ya mazingira iliyoidhinishwa na NEMA, ujisajili, kisha uende kwa kampuni na uwaambie: ile sura ya turathi ambayo huwa mnaijaza kurasa mbili, mimi nitaiandika vizuri, tena kwa wakati.

Wala usidhani ni makaratasi matupu. Mnamo Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe Lamu, baada ya wakazi chini ya muungano wa Save Lamu kulalamika. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ulikwama kwa sababu kazi ya kusikiliza watu na kuandika walichosema haikufanywa inavyostahili. Kukaa na wazee, kuuliza, kuandika na kuchora mahali pao pa kale ni ujuzi uliofunzwa kwenye mafunzo ya nyanjani. Usiuchukulie kuwa mdogo.

Kaunti na majina yake mengine

Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Minara na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yameachiwa serikali kuu, lakini makavazi na shughuli za utamaduni ziko chini ya kaunti. Kwa maneno mengine, serikali 47 zina wajibu wa kutunza historia ya watu wao.

Je, kaunti zote zinaufanya? Wewe mwenyewe angalia kwenu. Lakini ukisoma matangazo ya kazi ya bodi za utumishi wa kaunti usitafute neno "akiolojia". Tafuta afisa wa utamaduni, afisa wa utalii, mtunza kumbukumbu, afisa wa mipango ya miji. Pale kwenye mipango ya miji watu hupasahau kabisa, ilhali mji kama Lamu hauwezi kutoa kibali cha kujenga ghorofa bila mtu anayejua ukuta upi ni wa kale na upi ni wa juzi.

Ukiomba kazi kama hizo, usijitetee kwa historia ya binadamu wa kwanza. Ongea lugha ya gavana: mapato ya utalii, migogoro ya ardhi iliyoepukwa, vijana waliopata kazi ya kutembeza wageni. Ukitaka kutembeza wageni mwenyewe, chama cha waongozaji wa safari nchini, KPSGA, kina mitihani ya ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mtu anayeweza kusimama kwenye msikiti wa Gede na kueleza maji yalipitia wapi na bakuli la Uchina lilifikaje pale hana ushindani na aliyekariri kijitabu.

Kompyuta ndiyo jembe la siku hizi

Tangu 2020 kuna mradi wa MAEASaM, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na washirika wa Kiafrika, unaorekodi maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa ukiwa umeketi: unaangalia picha za setilaiti, unalinganisha na ramani za zamani na ripoti, unaingiza kila eneo kwenye hifadhidata. Ujuzi unaotakiwa ni ramani za kompyuta, yaani GIS. Programu ya QGIS hulipii hata shilingi. Unahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti na miezi michache ya subira.

Ujuzi huo huo unauzika kwa watu wa ardhi, maji, kilimo, uchaguzi na misaada. Mwanaakiolojia anayejua GIS akikosa kazi ya mabaki ya kale, bado ana kazi. Asiyeijua anasubiri simu ya profesa.

Kazi ya kumbukumbu pia usiidharau. Kati ya 2018 na 2021, mradi wa International Inventories Programme, NMK na wasanii wa The Nest Collective wakiwemo, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za ng'ambo. Na kumbuka kisa cha vigango. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita ndipo vikaonekana kwenye makavazi ya vyuo Marekani, na picha ile ndiyo iliyothibitisha vilitoka wapi. Mwaka 2007 familia ikarudishiwa. Picha moja, tarehe moja na jina la mahali vilitosha kuwashinda wezi.

Mlango ambao bado hatujaufungua

Kuna jambo gumu kulisema lakini lisemwe. Mwaka 2023, msituni Shakahola, kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa. Kazi iliongozwa na wataalamu wa serikali wa kuchunguza maiti. Familia nyingi zilisubiri kwa uchungu kujua aliye wao ni yupi.

Kufukua kaburi tabaka kwa tabaka, kurekodi mwili umelalaje, kutenganisha mifupa iliyochanganyika, kutopoteza hata kifungo cha shati: hiyo ni akiolojia, ila aliyezikwa ni wa juzi. Argentina walilijua hili mapema. Baada ya utawala wa kijeshi kuwapoteza maelfu ya watu, kundi la vijana wanafunzi wa akiolojia, anthropolojia na udaktari lilianza mwaka 1984 kufukua makaburi kisayansi, na kundi hilo, EAAF, sasa hufanya kazi katika nchi nyingi. Hapa kwetu, je, chuo gani kitaunganisha idara ya akiolojia na wapelelezi na madaktari? Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, hiyo hapo. Na anayetaka kazi ambayo taifa litamshukuru, hiyo hapo pia.

Lawama isiyo yako

Sasa tuongee ukweli. Watu hupenda kumwambia kijana "ongeza ujuzi", kana kwamba kukosa kazi ni uvivu wake. Kuna mambo ambayo hata ukisoma QGIS usiku kucha hutayaondoa.

La kwanza, pesa nyingi za utafiti mkubwa hutoka nje, na anayeleta pesa ndiye anayeamua maswali, muda na nani ataandikwa. Zana za mawe za Lomekwi, Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zilitangazwa mwaka 2015 na timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Mfaransa, Sonia Harmand. Hakuna ubaya mgeni kuongoza. Ubaya ni pale Mkenya mwenye digrii anapoitwa kwa msimu tu, analipwa kama kibarua, na msimu ukiisha jina lake halionekani popote.

La pili, sheria ya turathi ipo lakini usimamizi wake ni hafifu. Tathmini ya turathi isiyofanywa ni kazi yako iliyopotea. Kila mradi unaopita juu ya makaburi ya kale bila mtaalamu kuitwa, kuna mhitimu amebaki nyumbani.

La tatu, vyuo. Ukimaliza miaka minne hujawahi kushika kifaa cha kupimia ardhi, hujawahi kuandika ripoti ya kurasa ishirini kwa mteja, hilo si kosa lako peke yako. Idara zinafaa kufunza kazi ambayo soko linaifanya, na si kazi ambayo vitabu vya zamani viliielezea pekee.

Kwa hivyo unapojipanga, dai pia. Uliza idara yenu kuhusu mafunzo ya ramani. Uliza bunge la kaunti yenu bajeti ya makavazi iko wapi. Ukialikwa msimu wa uchimbaji, omba masharti kwa maandishi: malipo, bima, na jina lako litaandikwa vipi kwenye ripoti. Kuomba hivyo si utovu wa adabu.

Uanzie wapi?

Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, tafuta uchimbaji wowote ukauone. Koobi Fora na taasisi ya Turkana Basin Institute zina shule za nyanjani, na taasisi ya BIEA pale Nairobi imekuwa ikichukua vijana wahitimu kujifunza kazi. Ada ikikushinda, nenda makavazi yaliyo karibu na kwenu ujitolee kusafisha na kuandika vibandiko. Macho hufunzwa kwa kuangalia. Marehemu Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa akina Leakey akiwa na masomo machache, na mwaka 1984 ndiye aliyekiona kile kipande kidogo cha fuvu kilichowaongoza kwa Kijana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.6. Hakuna digrii inayoweza kuyapita macho kama yale, ila yako ikikutana na macho kama yale utafika mbali.

Ukiwa mwaka wa tatu, chagua ujuzi mmoja tu na uushike hadi ujulikane nao: mifupa ya wanyama, vigae, ramani, droni (hakikisha una kibali cha KCAA), uhifadhi au hifadhidata. Pwani, kuna wa kupiga mbizi pia. Jahazi la Kireno la Santo António de Tanna lilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na bahari yetu haijamaliza kusema. "Najua kila kitu kidogo" haiajiri mtu.

Ukishahitimu, pata leseni ya kuendesha gari na cheti cha huduma ya kwanza. Usicheke. Kiongozi wa msafara wa kwenda Ileret akiwa na wasifu wa watu wawili wenye gredi sawa, atamchukua anayeweza kuendesha gari na kufunga jeraha. Andika sampuli ya ripoti ya eneo la kale lililo kijijini kwenu, uwe na ramani na picha, uende nayo kwenye mahojiano. Na usiiache lugha ya kwenu. Mzee wa kaya hatamfungulia moyo mtu anayehitaji mkalimani.

Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Lako si la shambani, lakini nalo linataka kunolewa.

Basi mamako akikuuliza tena utaandikwa wapi, usimtajie Makavazi ya Kitaifa pekee. Mwambie: kuna barabara haiwezi kupita bila mtu wa kusema chini kuna nini, kuna kaunti ina wajibu wa makavazi, kuna mifupa ya watoto wetu tungetaka isomewe Nairobi badala ya Burgos. Huenda asielewe yote. Lakini ataona kwamba safari hii umejibu bila kuangalia chini.